Simon Stevin: karani wa kodi aliyefungua njia ya hesabu za mkato

Kila siku mu muji wa Goma watu wanaandika nusu na robo bila kufikiri mara mbili. Ku mizani ya soko la Virunga, kwa wakambisti wa Birere, ku farmasi, mu daftari ya mwanafunzi: kilo 2,5, dolari 12,30, mililita 0,75. Ukivuka mupaka na kuingia Rwanda ao Uganda, mara mingi utakuta hesabu ile ile imeandikwa na nukta: 2.5, 12.30, 0.75. Namna hii ya kuandika vipande vya moja ilienea Ulaya kupitia kitabu kidogo cha mtu mmoja, Simon Stevin. Na kumbe yeye mwenyewe hakutumia mkato wala nukta.

Stevin alizaliwa mwaka wa 1548 ku Brugge, muji ambao leo uko mu inchi ya Ubeleji. Wazazi wake hawakuwa wameoana. Alipokuwa kijana alifanya kazi ya kushika vitabu vya hesabu za wafanyabiashara ku Antwerpen, akatembea mpaka Poland na Norway, kisha akarudi Brugge kuwa karani mu ofisi ya kodi. Alikuwa mtu wa daftari, mwenye kuhesabu feza na mali za watu wengine, mbele ya kuwa mtu wa masomo makubwa. Ni paka kisha kuhamia Leiden, mu Uholanzi, ndipo alijiandikisha ku chuo kikuu, mwaka wa 1583, akiwa na miaka 35.

Kitabu chake cha kwanza, cha mwaka wa 1582, kilikuwa na meza za faida ya mikopo. Wakati ule wenye benki walikuwa wanaficha meza za namna hiyo, ni wao tu walijua kuzipiga. Stevin akazichapisha ili kila mtu aweze kujua deni lake litafika wapi. Hapo tayari mtu anaona tabia yake: kuondoa hesabu mu mikono ya wachache na kuipeleka ku watu wa kazi.

Mwaka wa 1585 akatoa kitabu kingine, De Thiende, maana yake sehemu ya kumi. Ni kitabu chembamba, kurasa zake hazifike makumi ine. Alikiandika kwa Kiholanzi, na mwaka ule ule kikatoka pia kwa Kifaransa. Alikiandikia wapima mashamba, wapima vitambaa, wapima mapipa ya divai, watengeneza feza za chuma, wafanyabiashara, na wenye kuangalia nyota.

Shida ya watu hao ilikuwa moja. Mtu aliyetaka kujumlisha robo tatu, sehemu tano za nane na sehemu mbili za saba alipaswa kwanza kutafuta hesabu moja inayogawanyika kwa zote, na hapo ndipo makosa yaliingia. Stevin akasema mambo ni rahisi: vunja moja mu vipande kumi, kila kipande ukivunje tena mu kumi, na kuendelea. Hapo kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya vipande vinakuwa sawa na kufanya hesabu ya namba nzima, ile ambayo mtoto wa masomo ya musingi anajua.

Hakuwa wa kwanza kuwaza hivyo. Ku Damasko, mu karne ya 10, al-Uqlidisi aliandika juu ya vipande vya kumi, na ku Samarkand, mu karne ya 15, al-Kashi alivitumia vizuri sana. Lakini mu Ulaya ni kitabu cha Stevin kilichofikia watu wa soko na wa ofisi.

Kitu kimoja kilibaki kizito: alama. Stevin aliweka kila namba pamoja na kiduara chenye kuonyesha cheo chake. Ili kuandika tatu na sehemu 75 za mia, aliandika 3 na sufuri ndani ya kiduara, kisha 7 na 1 ndani ya kiduara, kisha 5 na 2 ndani ya kiduara. Ilieleweka, lakini ilikula nafasi. Wengine walipofuata njia yake walitupa viduara na kuacha alama moja tu, ya kutenganisha moja nzima na vipande vyake. Mskoti John Napier, mu kitabu chake cha mwaka wa 1617, alikubali nukta ao mkato, yote mawili. Kidogo kidogo Waingereza wakashika nukta. Inchi mingi za bara la Ulaya, Ufaransa na Ubeleji ndani, zikashika mkato.

Stevin hakuishi kuona mwisho wa mambo hayo. Alifundisha hesabu Maurits wa Nassau, mkubwa wa jeshi la Uholanzi, akapanga kambi za askari, akatengeneza gari la tanga lenye kukimbia kwa upepo ku muchanga wa bahari. Pamoja na rafiki yake, aliangusha mipira mbili ya risasi, moja nzito mara kumi kuliko nyingine, na zote zikafika chini pamoja. Alikufa mwaka wa 1620, akaacha bibi na watoto wane. Brugge ilimujengea sanamu mwaka wa 1846.

Alama ya mkato yenyewe ilifika Kongo pamoja na wenye kutawala. Kutoka 1908 mpaka 1960 inchi ilikuwa chini ya Ubeleji, na masomo, posta, kodi na benki vilifuata maandiko ya Kifaransa. Upande wa Uganda na Kenya, Waingereza walileta nukta. Rwanda ilianza pia na maandiko ya Wabeleji, lakini mwaka wa 2008 serikali yake iliamua masomo yafanywe kwa Kiingereza. Ndiyo sababu leo mupaka wa Goma na Gisenyi ni mupaka wa alama pia.

Na hapo ndipo hatari iko. Bili ikiandika dolari 1.500, mtu wa Goma anasoma elfu moja na mia tano, mwenye kuzoea Kiingereza anasoma moja na nusu. Bili ikiandika 1,500, mambo yanageuka. Ku feza watu wanaweza kubishana na kurekebisha. Ku kipimo cha dawa ya mtoto, nafasi ya kurekebisha inaweza kukosekana.

Kompyuta haikumaliza shida, iliificha. Ndani ya mashine hakuna mkato wala nukta. Kuna sufuri na moja tu. Mashine inapotoa hesabu ku ekrani, inaangalia imepangwa kwa lugha na inchi gani: ikiwa Kifaransa, inaweka mkato, ikiwa Kiingereza, nukta. Kurudi ndiko kugumu. Programu iliyopangwa kwa mkato ikipewa 2.5, inaweza kusoma 2 na kuacha zilizobaki bila kusema kitu. Excel ya Kifaransa inaweza kuacha 2.5 kama maandishi tu, na jumla ya chini ya meza ikakosa hesabu hiyo. Tena mashine inahesabu kwa mbili, haihesabu kwa kumi kama Stevin. Hata 0,1 haiingii ndani yake kamili, inaingia karibu tu. Ndiyo maana wenye kuandika programu wanahitaji mpaka tarakimu 17 ili hesabu itoke ku maandishi na kurudi ileile. Na wanafuata sheria moja: kati ya mashine na mashine, alama moja isiyobadilika, mara mingi nukta, mbele ya mtu, alama anayoizoea.

Mwaka wa 2003 mkutano mkuu wa dunia wa vipimo ulikubali alama zote mbili, nukta na mkato. Lakini ulikumbusha kwamba makundi ya elfu yatenganishwe na nafasi tupu tu: 1 500, hapana 1.500 wala 1,500. Mwenye kuandika bili ya kuvuka mupaka anaweza kufanya hivyo leo, na kuongeza hesabu kwa maneno pembeni.

Mu kitabu chake Stevin aliomba wakubwa wa inchi wagawe feza, uzito na vipimo vyote kwa kumi. Dolari ya Marekani ilifanya hivyo mwaka wa 1792, mita na kilo za Ufaransa zikafuata mwaka wa 1795, na leo franka ya Kongo ina sentime 100. Yale aliyoomba yalitimia karibu yote. Alama ndogo ya katikati, ambayo hakuichagua, ndiyo bado inagawa watu.