M. King Hubbert, mtu aliyekadiria mafuta yasiyoonekana

Tunaposikia kwenye taarifa ya habari kwamba mahali fulani kuna mapipa bilioni kadhaa ya mafuta ardhini, ni vyema kujiuliza: nani ameyaona? Hakuna. Yamekadiriwa tu. Leo tunamwangazia Mmarekani Marion King Hubbert, ambaye makadirio yake yalizua mjadala mkubwa.

Hubbert alizaliwa Oktoba 5, 1903, San Saba, jimbo la Texas. Alisomea jiolojia, fizikia na hisabati katika Chuo Kikuu cha Chicago, na mwaka 1943 akaajiriwa na kampuni ya mafuta ya Shell.

Mwezi Machi 1956 alialikwa kuwahutubia wakuu wa sekta ya mafuta mjini San Antonio. Kwa simulizi yake mwenyewe, muda mfupi kabla ya kupanda jukwaani alipigiwa simu kutoka ofisini, akiombwa apunguze makali. Alikataa.

Hoja yake ilikuwa hii. Uzalishaji wa mafuta huanza kidogo, hupanda hadi kileleni, kisha hushuka, mfano wa kilima. Ukijua jumla ya mafuta yatakayopatikana, unaweza kukadiria kilele kitafikiwa lini. Lakini jumla hiyo hakuna aliyeijua kwa hakika. Kwa hiyo Hubbert alitumia makadirio mawili: mapipa bilioni 150 na bilioni 200. Kwa la kwanza, kilele kingefikiwa karibu mwaka 1965. Kwa la pili, karibu 1970. Yaani kuongeza mapipa bilioni 50 kulisogeza kilele mbele kwa miaka kama mitano tu.

Wengi walimpinga. Mapema miaka ya 1960, Idara ya Jiolojia ya Marekani ilikuwa na makadirio ya mapipa bilioni 590. Hesabu hiyo ilichukulia kwamba kila futi mpya itakayochimbwa itatoa mafuta kama futi za zamani. Hubbert alionyesha kuwa sivyo: maeneo makubwa hugunduliwa mapema, na kadiri siku zinavyokwenda, visima vipya huambulia kidogo. Mwaka 1964 alihamia idara hiyohiyo na kuendelea kubishana na wakubwa wake.

Mwaka 1970 uzalishaji wa Marekani ulifikia kilele, zaidi ya mapipa milioni 9.6 kwa siku, kisha ukashuka. Nchi za Kiarabu ziliposusia kuiuzia mafuta mwaka 1973, Marekani haikuwa na akiba ya kujiokoa, na foleni zikajaa kwenye vituo vya mafuta.

Hata hivyo Hubbert hakupatia kila kitu. Gesi ya Marekani ilizidi sana alivyokadiria, na kilele cha dunia alichokitarajia karibu mwaka 2000 hakikutokea. Alifariki Oktoba 11, 1989. Baadaye mbinu ya kupasua miamba migumu kwa maji ya shinikizo ilifungua mafuta mapya, na mwaka 2018 Marekani ikavunja rekodi ya 1970.

Somo hili linatuhusu pia Afrika Mashariki. Nchini Uganda, eneo la Ziwa Albert lilikadiriwa kuwa na mapipa bilioni 6.5, lakini yaliyokadiriwa kuweza kutolewa yalikuwa kama bilioni 1.4 tu. Basi tukitajiwa takwimu kubwa, tuulize: ni yaliyomo ardhini, au ni yatakayofika juu? Na makadirio ya chini kabisa ni yapi? Ahadi za barabara, ajira na fidia hujengwa juu ya majibu hayo.