Christian Doppler: Mwana wa mwashi aliyefungua njia ya kupima kasi ya damu

MVUVI wa Mbamba Bay anayepiga kasia kuelekea kusini wakati upepo wa kusi unavuma hukutana na mawimbi ya Ziwa Nyasa kwa haraka, moja likifuata jingine. Akigeuza mtumbwi na kwenda na upepo, mawimbi yale yale humfikia kwa nafasi. Ziwa halikubadilika, kilichobadilika ni mwendo wa mtumbwi.

Mfano wa namna hiyo, wa chombo na mawimbi, ndio aliotumia mwanafizikia wa Austria, Christian Doppler, kueleza kanuni ambayo leo huwawezesha madaktari kupima kasi ya damu bila kupasua ngozi ya mgonjwa.

Doppler alizaliwa Novemba 29, 1803 mjini Salzburg, katika ukoo wa waashi wa mawe. Afya yake ilikuwa dhaifu tangu utotoni, hivyo hakuweza kurithi nyundo na patasi za baba yake, akaelekezwa kwenye masomo.

Alisoma hisabati na fizikia mjini Vienna, lakini elimu hiyo haikumpatia riziki mapema. Kwa muda alitunza hesabu katika kiwanda cha kusokota pamba. Mwaka 1835 alikuwa amekwisha kujiandaa kuhamia Marekani ndipo alipopata kazi ya ualimu mjini Prague.

Katika mji huo, Mei 25, 1842, alisoma andiko lake mbele ya wasikilizaji wachache wa Chama cha Kifalme cha Sayansi cha Bohemia. Alieleza kuwa chanzo cha mawimbi kinapomkaribia mtu, mawimbi humfikia mengi zaidi kwa kila sekunde. Kinapomwacha, humfikia machache.

Doppler alitaka kueleza kwa njia hiyo rangi za nyota pacha, na hapo alikosea, kwa kuwa nyota hizo haziendi kasi ya kutosha kubadili rangi zionwazo kwa macho. Kanuni yenyewe, hata hivyo, ilikuwa sahihi.

Mwaka 1845 Mholanzi Buys Ballot, aliyekuwa na mashaka na madai hayo, aliwapandisha wapiga tarumbeta kwenye treni karibu na Utrecht, na kuwaweka wanamuziki wengine kando ya reli wasikilize. Walithibitisha kwamba sauti ilipanda treni ilipokaribia na kushuka ilipopita. Ndivyo inavyosikika honi ya basi linalopita kwa kasi katika barabara ya Mbinga.

Mwaka 1850 Doppler aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Vienna. Miongoni mwa wanafunzi waliopita hapo alikuwamo mtawa Gregor Mendel, ambaye baadaye aligundua kanuni za urithi.

Heshima hiyo haikudumu. Mwaka 1852 mwanahisabati Josef Petzval aliipinga vikali nadharia yake mbele ya wanazuoni wa Vienna. Wakati huo maradhi ya mapafu yalikuwa yamekwisha kumdhoofisha, akaenda Venice kutafuta hewa ya joto. Alifariki dunia huko Machi 17, 1853, akiwa na umri wa miaka 49, akazikwa katika kisiwa cha San Michele.

Ilipita zaidi ya karne moja kabla kanuni yake haijaingia kwenye mishipa ya binadamu. Katika miaka ya 1950, Shigeo Satomura wa Osaka, Japani, alielekeza mawimbi ya ultrasaundi mwilini na kusikiliza mwangwi wake, kwanza kwenye moyo, kisha kwenye mkondo wa damu.

Hesabu yake si ngumu. Sauti husafiri katika nyama za mwili kwa takriban mita 1,540 kwa sekunde. Yakipelekwa mawimbi milioni 5 kwa sekunde kuelekea damu inayokuja kwa sentimita 50 kwa sekunde, mwangwi hurudi ukiwa umeongezeka mawimbi yapatayo 3,200. Tofauti hiyo masikio ya binadamu huisikia. Ndiyo mvumo unaotoka katika kifaa.

Kulikuwa na kasoro moja. Kifaa kikielekezwa kukata mshipa kwa pembe mraba, husoma sifuri ingawa damu inakwenda. Mitambo ya ultrasaundi yenye kupiga picha za ujazo, yaani za pande tatu, hupunguza tatizo hilo: hupima kasi katika eneo lote ambalo damu inalipita, kisha hujumlisha na kupata kiasi cha damu kinachopita kila dakika.

Manufaa yake huonekana zaidi kwa wajawazito. Mtiririko katika mshipa wa kitovu ukikatika kati ya pigo moja la moyo na jingine, ni dalili kwamba kondo halimlishi mtoto ipasavyo. Kwa mama wa milima ya Matengo au wa vijiji vya pwani ya ziwa, ambaye safari ya kufika hospitali za Litembo na Liuli huweza kuwa ndefu, dalili kama hiyo ikijulikana mapema humpa muda wa kusafiri kabla hatari haijafika.

Hoja za Petzval leo hukumbukwa na wachache. Jina la mwana wa mwashi wa Salzburg hutajwa kila siku na wakunga, wengi wao wakilijua kama jina la kifaa tu.