Msee bila digrii aliyetufungulia dirisha la kichwa

Mwaka jana binamu yangu alirushwa na bodaboda, kichwa kikagonga lami. Hospitalini walimlaza kwenye kitanda kinachoteleza hadi ndani ya mashine yenye shimo la duara kama tairi la lori. Kabla sijamaliza kumwandikia mamake ujumbe, picha zilikuwa tayari. Hakukuwa na damu kwenye ubongo. Tulipumua.

Usiku huo nilitafuta ni nani aliyebuni hiyo mashine ya CT, nikampata Mwingereza Godfrey Hounsfield. Kumbe jamaa hakuwahi kukanyaga chuo kikuu! Hapo nikaketi vizuri, maana mimi niliacha chuo mwaka wa pili na kila harusi ya ukoo lazima niulizwe nitarudi lini.

Hounsfield alizaliwa Newark mwaka wa 1919, kitinda mimba wa watoto watano, akalelewa shambani. Shuleni alipenda hesabu na fizikia tu. Mengine yaliingia sikio hili yakatokea lile. Lakini nyumbani alijiundia glaida akawa anaruka nayo kutoka juu ya marundo ya nyasi kavu. Pia alijaza maji kwenye mapipa ya lami, akatumia gesi ya asetilini kuona yatapaa kiasi gani. Sijui mamake alilala vipi.

Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka alijiunga na jeshi la anga, akajifunza rada hadi akawa anaifundisha. Baadaye mkubwa mmoja jeshini alimsaidia kupata ufadhili wa kusomea diploma ya uhandisi wa umeme pale Faraday House, London. Kisha akaajiriwa na EMI, ndio, kampuni ileile iliyotoa santuri za Beatles, na huko akaongoza kundi lililounda kompyuta ya EMIDEC 1100.

Wazo la CT lilimjia 1967. Shida ya eksirei ya kawaida ni kwamba kila kitu hulaliana kwenye picha moja, na fuvu huuficha ubongo. Wakati huo, madaktari wakitaka kuuona, walikuwa wakimtoa mgonjwa maji ya uti wa mgongo na kumpuliza hewa ndani. Watu waliumwa na kichwa na kutapika kwa siku kadhaa. Hounsfield akawaza: je, ukipitisha miali kutoka pembe nyingi, halafu kompyuta ikokotoe kilicho ndani, si utapata slesi moja moja kama mkate?

Jaribio la kwanza lilichukua siku 9, na kompyuta ikahitaji saa mbili na nusu kupiga hesabu zake. Alitumia ubongo wa ng'ombe, ila wa machinjioni ya kawaida ulikuwa umevuja damu kwa sababu mnyama alipigwa kichwani. Ikabidi atafute kwa wachinjaji wa Kiyahudi.

Tarehe 1 Oktoba 1971, katika Hospitali ya Atkinson Morley, London, mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe alilazwa kwenye mashine. Picha ilikuwa na vijisanduku 80 kwa 80 tu, hata simu ya mulika mwizi ingeicheka. Lakini uvimbe ulionekana, na daktari wa upasuaji akajua pa kukata kabla hajashika kisu. Siku hizo slesi moja ilichukua dakika kadhaa. Leo kifua kizima ni sekunde chache, na hata moyo unaodunda hunaswa bila ukungu.

Mwaka wa 1979 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyekuwa amechapisha hesabu za jambo hilohilo miaka ya 60 bila Hounsfield kujua. Hounsfield hakuoa, na doo za Nobel alizitumia kujijengea maabara nyumbani. Aliaga dunia 2004.

Nilirudi kuisoma ripoti ya binamu. Kuna herufi HU pale, vipimo vya Hounsfield: maji ni 0, hewa ni -1000, mfupa hupanda mamia kwa mamia. Damu mbichi husoma juu kuliko ubongo, ndiyo maana ingekuwepo ingeng'aa nyeupe. Kwake palikuwa kijivu tupu, na sasa amerudi kuendesha bodaboda. Na helmeti, nimehakikisha.