Mtu Aliyeupika Mpira, na Tairi za Dada

Mwezi wa kumi mwaka jana, siku zile ambazo nusu ya chuo inasubiri bumu na nusu nyingine inahangaika na chumba, dada yangu alinitumia picha mbili kwenye simu. Ya kwanza ilikuwa tairi nne mpya, zimepangwa juu kwa juu dukani. Ya pili ilikuwa tairi nne za mtumba, zikiwa tayari kwenye rimu nyeusi za chuma, mtu anaziuza nyumbani kwake kwa bei poa. Akauliza, nichague zipi?

Dada anaishi Montreal, Kanada, na kazi yake ni kutunza wazee, zamu ya usiku. Ana gari la mtumba la kumfikisha kazini. Kule mkoani kwao, Québec, sheria inasema kuanzia 1 Desemba mpaka 15 Machi gari liwe na tairi za baridi, na ziwe na alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Kwa hiyo watu wengi wana seti mbili: moja iko garini, nyingine imelala stoo ikisubiri msimu wake. Dada hakuwa na ya pili.

Aliniuliza mimi kwa sababu nasomea ualimu, na somo langu la kufundishia ni Kemia. Mpira si kemia? Mimi tairi nazijua za daladala, na nyingine nazijua zikishakufa na kufufuka kama katambuga. Tairi ya baridi sikuwahi kuisikia. Ila kuna jambo sikulisema: wiki ileile nilikuwa nimemwomba hela ya chumba. Na ye alikuwa ameshakubali.

Nikaenda maktaba kutafuta habari za mpira, nikakutana na mtu anaitwa Charles Goodyear. Jina hilo ndugu msomaji umeliona ubavuni mwa tairi. Nilidhani ni tajiri fulani mwenye kiwanda. Kumbe hata kidogo. Mtu huyu alikufa mwaka 1860, kabla gari halijakuwepo, na hakuwahi kumiliki kampuni ile. Kampuni ilianzishwa mwaka 1898 mjini Akron, Ohio, miaka 38 baada ya yeye kuzikwa, na wenyewe wakachukua jina lake kwa heshima tu. Familia yake haikuwa na fungu humo.

Goodyear alizaliwa 29 Desemba 1800 mjini New Haven, jimbo la Connecticut, Marekani. Baba yake, Amasa, alikuwa mtengenezaji na mfanyabiashara wa vifaa vya chuma. Mwaka 1824 Charles alimwoa Clarissa Beecher, na baadaye wakahamia Philadelphia, akafungua duka la vifaa. Duka likaenda vizuri kidogo, kisha likaanguka kwa madeni. Enzi hizo Marekani mtu akishindwa kulipa deni alifungwa, na Goodyear aliijua jela kama sisi tunavyoijua kantini.

Mwaka 1834 alikuwa New York, akaona dukani maboya ya mpira ya kuokolea watu majini. Akaona valvu yake ni mbovu, akaenda kutengeneza iliyo bora, akarudi nayo akitegemea kuiuza. Meneja akamweleza ukweli: tatizo si valvu, tatizo ni mpira wenyewe. Mpira mbichi, utomvu wa mti uliogandishwa, ulikuwa na tabia mbili mbaya. Kiangazi cha kule kikifika, unalainika, unanata na kunuka. Baridi ikifika, unakuwa mgumu kama ubao na kupasuka. Wateja walikuwa wanarudisha bidhaa zikiwa uji, na kampuni zilizokuwa zimewekeza hela nyingi zilikuwa zinakufa.

Goodyear hakuwa mkemia. Hakuwa na maabara wala mfadhili. Lakini kuanzia siku ile alishikwa, yaani alishikwa kweli. Majaribio ya mwanzo aliyafanya akiwa jela kwa deni: aliletewa mpira mbichi pamoja na mti wa kusukumia chapati wa mke wake, akakaa kifungoni anakanda na kusukuma. Alipotoka akachanganya mpira na magnesia, akatengeneza viatu mamia ya jozi wakati wa baridi. Kiangazi kilipofika vyote vikawa ute. Akajaribu chokaa. Akajaribu asidi ya naitriki, ikaonekana inafaa, akapata hata oda ya serikali ya mifuko 150 ya kubebea barua. Akaitundika mifuko kwenye chumba chenye joto, akasafiri. Aliporudi ilikuwa imeyeyuka. Sifa ikaisha, hela ikaisha.

Kisha akakutana na Nathaniel Hayward, ambaye alikuwa anatumia salfa kukausha uso wa mpira. Mwaka 1839, wakiwa Woburn, jimbo la Massachusetts, mpira uliochanganywa na salfa uligusa jiko la moto. Badala ya kuyeyuka, uliungua kidogo kama ngozi. Pembeni ya pale palipoungua pakabaki ukingo mwembamba ambao haukuungua wala kunata, unavutika na kurudi. Usiku ule baridi ilikuwa kali. Akakipigilia kipande kile msumari nje ya mlango wa jikoni. Asubuhi akakichukua: kilikuwa bado laini, kinakunjika.

Hapo nilisimama kusoma. Nilikuwa nimetafuta maana ya tairi ya baridi, na nilikuwa nimeshaipata kwenye mlango wa jikoni wa mtu maskini.

Kwa wenzangu wa sanaa, nieleze kama nitakavyomweleza mwanafunzi wa kidato cha nne. Mpira mbichi ni minyororo mirefu ya molekuli, imelala ovyo kama tambi sahaniani. Ukiipasha moto, tambi zinateleza kila moja na njia yake, ndiyo maana unanata. Ukiweka salfa na kupika, salfa inafunga vifundo kati ya tambi na tambi. Sasa ukiuvuta unavutika, lakini vifundo vinaurudisha. Joto haliuyeyushi, na baridi ya kawaida haiuvunji. Hata hivyo baridi haikushindwa kabisa. Kila mchanganyiko una mpaka wake. Tairi ya kawaida ya kiangazi, joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, inaanza kukakamaa, na mpira uliokakamaa haushiki barabara. Breki inakuwa ndefu. Tairi ya baridi imepikwa kwa mchanganyiko unaobaki laini kwenye baridi kali, na uso wake una mikato midogo mingi ya kung'ata theluji. Basi, ndiyo tofauti.

Tumrudie Goodyear. Wengi wetu tunapenda hadithi iishie pale mlangoni: kagundua, katajirika. Haikuwa hivyo. Kuona kipande kimoja si kujua moto wa kiasi gani na kwa muda gani. Ilimchukua miaka mingine mitano hivi, na hiyo ndiyo miaka iliyonikaba koo. Aliuza na kuweka rehani vitu vya nyumbani. Alikuwa anaomba kuokea mpira kwenye majiko ya watu. Watoto wake kadhaa walifariki wakiwa wadogo. Na siku moja, hela ya kuendelea ilipokosekana, alikusanya vitabu vya shule vya watoto wake akaviuza. Alipata dola 5.

Mimi ni mwalimu mtarajiwa. Nimefanya mazoezi ya kufundisha kwenye darasa ambalo kitabu kimoja wanachungulia watoto sita. Hizo dola 5 zilinikera kuliko madeni yake yote. Vitabu vile vilikuwa vya watoto. Hawakuulizwa.

Hataza yake ya Marekani aliipata 15 Juni 1844. Lakini Uingereza, Thomas Hancock alikuwa ameshamtangulia kuomba ya kwake mwaka 1843. Na Marekani kwenyewe watu waliiba njia yake mchana kweupe. Kesi kubwa ilisikilizwa mwaka 1852 mjini Trenton, wakili wake akiwa Daniel Webster, mwanasiasa maarufu wa wakati ule. Goodyear alishinda, na wakili akaondoka na dola 15,000. Mwenyewe aliendelea kukopa. Alitumia makumi ya maelfu ya dola kuonyesha vitu vya mpira kwenye maonyesho ya London mwaka 1851 na Paris mwaka 1855. Clarissa, aliyevumilia yote tangu mti wa chapati, alifariki mwaka 1853 huko Uingereza. Mwaka 1855 Goodyear alifungwa tena kwa deni, safari hii Paris, na nishani ya heshima ya Ufaransa ikamfikia akiwa ndani.

Alifariki 1 Julai 1860 mjini New York, akiwa njiani kwenda kumwona binti yake mgonjwa. Alipofika New York aliambiwa binti ameshafariki. Aliacha deni la dola 200,000 hivi.

Bili haikuishia kwa familia yake. Mwaka 1888 kule Belfast John Boyd Dunlop alitengeneza tairi ya upepo kwa ajili ya baiskeli, dunia ikaanza kuulilia mpira, na majirani zetu wa Kongo wakaingizwa porini kwa mtutu wa bunduki kuugema kwa faida ya mfalme Leopold. Watu walikatwa mikono. Goodyear alikuwa kaburini miaka mingi, simlaumu kwa hilo. Nasema tu kwamba kitu kizuri kina gharama, na mara nyingi anayelipa si yule anayeandikwa kwenye ubao.

Nikafunga kitabu, nikafungua picha za dada.

Nilikuza picha ya pili. Ubavuni mwa tairi huwa kuna tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka zilipotengenezwa. Zile za mtumba ziliandikwa 3816, yaani wiki ya 38 ya mwaka 2016. Kashata zake zilikuwa bado ndefu, lakini mpira unazeeka hata ukiwa stoo, unakakamaa. Hizo ukizipigilia nje ya mlango usiku, asubuhi utachukua ubao. Hapo ndipo nikaelewa kwa nini dada alikuwa anaziangalia: zilikuwa na bei ambayo ingeacha hela ya chumba changu.

Sikulala vizuri. Asubuhi nikamwandikia, kwa urefu, kama ripoti ya mazoezi. Nikamwambia tairi ndiyo inayozeeka, chuma hakizeeki hivyo. Kwa hiyo anunue tairi mpya nne, si mbili, maana mbili zikishika na mbili zikateleza gari litazunguka. Rimu achukue za mtumba za chuma, azikague kama zimepinda au zimeliwa na kutu. Akiwa na rimu za pili, kila msimu ni kufungua nati na kufunga nati, badala ya kumlipa fundi kuvua na kuvisha tairi mara mbili kwa mwaka. Gari lake linatumia 215/55R17; nikapiga hesabu, 215/60R16 inatoa kimo karibu kilekile, tofauti haifiki asilimia 1, na tairi za 16 kwa kawaida ni nafuu. Ila kwanza fundi ahakikishe rimu ya 16 inapita juu ya breki za gari lake, matundu ya nati yanalingana kwa idadi na nafasi, na tundu la katikati linakaa sawa. Baada ya kilomita 50 hadi 100 akaze nati upya. Na apime upepo mara kwa mara, maana baridi inaushusha.

Mwisho nikaandika kwamba hela ya chumba asitume.

Alipiga simu papo hapo. Aligomba. Alisema yeye ndiye mkubwa, na kwamba mtoto wa mama yake hawezi kulala kwa watu. Nikamweleza kubebwa si kulala kwa watu, ni utamaduni wa chuo. Tulizozana mpaka salio langu la kifurushi likakata. Sikumwambia habari za vile vitabu vya dola 5, sikujua ningeanzaje. Yeye alikuwa anafanya kinyume cha Goodyear: kulinda vitabu vyangu kwa gharama ya roho yake barabarani usiku. Ila na mimi nimesoma, naweza kuulizwa. Watoto wa Goodyear hawakuulizwa, mimi nilijibu.

Nilibebwa mpaka mwezi wa kwanza, kitanda kimoja watu wawili, kichwa huku miguu kule. Msimamizi wa hosteli akisoma makala haya, ni hadithi tu. Desemba dada alituma picha nyingine: gari lake jeupe kwa theluji, na magurudumu manne meusi yamekaa chini vizuri. Aliandika kwamba ametoka zamu, amefika salama, na akauliza kama nimekula.