Annalena wa Wajir, mama wa manyatta ya TB

Kila nikifika Garissa na kuvuka daraja la Mto Tana, humkumbuka mwanamke ambaye sisi watu wa pwani hatumtaji sana: Annalena Tonelli.

Alizaliwa Forlì, Italia, mwaka 1943, akasomea sheria. Mwaka 1969 alikuja Kenya akiwa mwalimu, kisha akahamia Wajir. Huko alikuta kifua kikuu kikiwamaliza wafugaji, na aibu ya maradhi yenyewe ikiwafanya wagonjwa watengwe na jamaa zao. Basi akajifunza utabibu akiwa mtu mzima.

Tiba ya siku hizo ilikuwa ndefu, mwaka mzima au zaidi. Mfugaji akipata nafuu kidogo alifuata ngamia wake malishoni, dawa akaziacha, na maradhi yakarudi yakiwa sugu. Mwaka 1976 Annalena akaanzisha manyatta ya TB. Wagonjwa walijenga vibanda vyao vya kihamahama karibu na kituo, wakaishi kama walivyozoea, wakameza dawa mbele ya mhudumu hadi wapone. Miaka mingi baadaye, Shirika la Afya Duniani lilikuja kuhimiza dunia nzima imeze dawa za TB kwa kushuhudiwa namna hiyo.

Februari 1984 yakatokea mauaji ya Wagalla. Annalena alitibu majeruhi, akakusanya maiti, akasaidia habari zifike nje. Serikali ilitaja watu 57 tu. Tume ya ukweli baadaye ilikadiria karibu 1,000. Mwaka uliofuata alifukuzwa nchini.

Hakurudi kwao kupumzika. Alivuka Somalia, akaendelea na kazi ile ile, na mwishowe Borama akaanzisha hospitali ya TB. Mwaka 2003 alipewa Tuzo ya Nansen ya wakimbizi. Tarehe 5 Oktoba mwaka huo huo alipigwa risasi hapo Borama, akafa.

Nasema haya kwa sababu ami yangu aliacha dawa za TB mwezi wa pili, alipoanza kunenepa. Tulimzika kabla ya mwaka kuisha. Nyumba ilijaa watu, mimi nikiwemo, na hakuna aliyekaa naye kumwona akimeza.

Ndugu msomaji, ukiwa na mtu anayekohoa wiki mbili, mpeleke kituo cha afya. Kisha kaa naye mpaka kidonge cha mwisho.