Kichwa kiliumia, dalili hazijaisha: maisha ya Harriet Tubman

Huenda wewe au mwanao aliumia kichwa wiki chache zilizopita. Pengine ni bodaboda, pengine mpira, pengine ngazi tu za nyumbani. Hospitali wakampima, wakasema ni mtikisiko wa ubongo, hakuna damu iliyovujia ndani, akapumzike. Lakini kichwa bado kinagonga, mwanga unaumiza macho, anasahau alichotumwa dukani. Kama ni wewe, usiku unalala ukijiuliza iwapo utaamka. Wiki hii nakusimulia mtu aliyeumia vibaya kuliko wengi wetu, akaishi na madhara yake zaidi ya miaka 70.

Alizaliwa utumwani yapata mwaka 1822 katika jimbo la Maryland, Marekani, akaitwa Araminta Ross, Minty kwa kifupi. Dunia inamjua kwa jina la Harriet Tubman. Akiwa binti wa miaka 12 hadi 14 hivi alifika kwenye duka la kijiji cha Bucktown. Mtumwa mmoja alikuwa ametoroka kazini, na msimamizi akamkuta pale. Mtumwa alipokimbia, msimamizi akarusha jiwe la mizani, chuma cha kilo moja hivi. Likamkosa aliyelengwa, likampiga Minty na kupasua fuvu.

Hakuonwa na daktari. Walimbeba akivuja damu, wakamlaza kwenye kiti cha mtambo wa kufumia nguo kwa kuwa hakuwa na kitanda. Alikaa hapo siku ile na ya pili yake, kisha akarudishwa shambani, damu na jasho vikimtiririka usoni.

Unashtuka? Basi tazama viwanja vyetu Jumamosi. Mtoto anagongana vichwa na mwenzake, anamwagiwa maji, anaambiwa awe mwanaume, anarudishwa mchezoni. Asirudi siku hiyo, hata akilia kwamba yuko sawa. Siku moja au mbili za mwanzo apumzike, kisha arejee shughuli zake kidogo kidogo. Akitapika tena na tena, akipata degedege, kichwa kikizidi kuuma, akiwa mgumu kuamshwa, akichanganyikiwa, mkono au mguu ukilegea, au maji meupe yakitoka puani au sikioni, usisubiri asubuhi. Mkimbize hospitali.

Turudi kwa Minty. Bwana wake alijaribu kumuuza, hakupata mnunuzi. Maumivu ya kichwa hayakumwacha, na kulikuwa na jambo jingine la ajabu: usingizi ulimkamata ghafla, katikati ya kazi au mazungumzo, kisha akaamka na kuendelea. Aliona pia njozi nzito, ambazo yeye alizipokea kama maneno ya Mungu. Baadhi ya walioandika maisha yake wanadhani ilikuwa aina ya kifafa.

Hapa nakuomba kitu. Usichukue dalili zake ukajivika. Najua tabia yetu: tunasoma ugonjwa wa mtu asubuhi, jioni tumeanza kuuhisi. Fuvu lake lilipasuka. Mtikisiko wa kawaida ni kitu kingine, na watu wazima wengi hupata nafuu ndani ya wiki mbili hivi, watoto ndani ya wiki nne. Wachache huchukua miezi, nao pia wengi hupona.

Mwaka 1849 alitoroka akafika Philadelphia, akawa huru. Angeweza kutulia huko. Badala yake alirudi Maryland mara 13 hivi katika muda wa miaka kumi, akawatoa watu wapatao 70, wakiwamo ndugu zake na wazazi wake wazee. Kichwa ni kilekile, usingizi uleule. Mara nyingine ulimshika njiani, wawindaji wa watumwa wakiwa nyuma yao. Wenzake wakakaa chini kumngoja. Akaamka, safari ikaendelea, na hakuna hata mmoja aliyekamatwa.

Kinachonigusa zaidi ni hao waliongoja. Walielewa wanachokiona, hivyo hawakumkimbia. Nyumbani kwako nani anajua? Mwambie mwenza wako, mwalimu wa mtoto, msimamizi wako kazini. Mtoto anayeonekana mvivu darasani huenda anahitaji tu kupumzishwa macho dakika kumi.

Na hofu yenyewe tuitaje, maana ina nguvu zake. Wasiwasi peke yake huleta kichwa kuuma, kizunguzungu, moyo kwenda mbio, kukosa usingizi na kusahau. Mtu anazihesabu dalili hizo kuwa ushahidi kwamba ubongo unaharibika, anaogopa zaidi, zinaongezeka. Kujikagua kila saa na kupekua simu usiku wa manane huchochea moto huohuo. Weka daftari. Chagua muda mmoja wa siku, andika dalili kwa dakika chache, funga. Lala na kuamka saa zilezile, tembea kidogo kila siku, acha pombe. Dawa za maumivu zisiwe za kila siku kwa wiki nyingi, kwani zenyewe huweza kuleta maumivu ya kichwa. Na kama bado una kizunguzungu, usiendeshe pikipiki wala gari.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani, Tubman aliuguza wagonjwa na kufanya upelelezi katika jimbo la South Carolina. Juni 1863 aliongoza wanajeshi kwenye mto Combahee, watumwa zaidi ya 700 wakakombolewa. Baadaye aliishi Auburn, New York, akihudumia wazee wasio na mtu.

Maumivu yalizidi uzeeni. Mwishoni mwa miaka ya 1890, akiwa na umri wa miaka zaidi ya 70, alikwenda mwenyewe hospitali ya Massachusetts General mjini Boston akaomba afanyiwe upasuaji wa kichwa. Wakampasua, na alisema baadaye kwamba alipata nafuu. Alifariki 10 Machi 1913 kwa nimonia, katika nyumba ya wazee iliyotokana na juhudi zake.

Wewe huna haja ya kusubiri miaka 60. Wiki nne zikipita na dalili zipo, au hofu inakuzuia kula, kulala na kufanya kazi, rudi kwa daktari. Mweleze na hiyo hofu, usitaje kichwa pekee. Inatibika, mara nyingi kwa mazungumzo na mshauri nasaha. Chukua lile daftari, na uende na mtu unayeishi naye, kwa sababu yapo aliyoyaona ambayo wewe hukumbuki.