Rune Elmqvist na Betri ya Moyo

Mtoto apandaye kwa miguu kutoka mjini Moshi kwenda Kibosho, naye amejitwika mzigo, husikia moyo wake ukienda mbio. Akifika nyumbani na kupumzika, moyo hutulia. Mapigo hayo huongozwa na umeme mdogo sana ambao moyo wenyewe huutengeneza. Umeme huo huanzia katika chumba cha juu cha upande wa kulia, kisha hushuka hadi vyumba vya chini. Njia yake ikiharibika, vyumba vya chini hupiga polepole mno, damu haifiki kichwani ya kutosha, na mtu huzimia. Hata kwenda kisimani huwa safari ya hatari kwake.

Rune Elmqvist alizaliwa mwaka 1906 katika mji wa Lund, nchini Uswidi. Alisomea udaktari akahitimu, lakini hakufanya kazi ya kutibu wagonjwa, kwa kuwa alipenda zaidi kuunda vyombo. Katika miaka ya 1940 alibuni mashine iliyorusha wino mwembamba juu ya karatasi ili kuchora mapigo ya moyo.

Siku hizo zilikuwapo mashine za kuupa moyo umeme, lakini zilikaa nje ya mwili. Nyaya zake zilipenya ngozi, na vijidudu vya maradhi vikapata mlango wa kuingilia. Elmqvist alishirikiana na daktari mpasuaji Åke Senning wa Stockholm kutafuta njia ya kuiweka mashine yote ndani ya mwili. Walikuwa bado wakiwajaribia wanyama.

Mwaka 1958 alikuwapo katika mji huo mgonjwa aliyeitwa Arne Larsson, mwenye umri wa miaka 43. Alizimia mara nyingi kila siku, na kila mara ilibidi aamshwe upesi asife. Mkewe, Else-Marie, alimwendea Senning, akamwendea na Elmqvist. Walimweleza kwamba hawakuwa na chombo kilichokuwa tayari kwa binadamu. Mama huyo hakukubali kurudi mikono mitupu, aliwasihi wakitengeneze.

Elmqvist akatengeneza viwili. Ndani aliweka transista mbili na betri ndogo iliyoweza kujazwa umeme kutoka nje, pasipo waya kupenya ngozi. Ili vitu hivyo visiguswe na maji ya mwili, alivimiminia plastiki ya majimaji ambayo hukauka na kuwa ngumu. Alitafuta kitu cha kuimiminia, akachukua kopo la dawa ya viatu aina ya Kiwi! Kwa hiyo chombo cha kwanza kilikuwa na umbo la kopo hilo hilo tulijualo.

Usiku wa tarehe 8 Oktoba 1958, Senning alikipandikiza mwilini mwa Larsson na kushona nyaya zake kwenye moyo. Baada ya saa chache kikaharibika. Akaweka cha pili, nacho hakikudumu. Elmqvist mwenyewe hakudhani kwamba kazi yake ingefika mbali. Lakini Larsson alikuwa hai, na miaka michache baadaye akapewa kingine kilicho bora.

Leo chombo cha namna hiyo huitwa betri ya moyo. Huwekwa chini ya ngozi ya kifua, na betri yake hudumu miaka kadhaa. Vipo pia vyombo vya watu ambao moyo umedhoofika. Hivyo hutuma umeme pande zote mbili za moyo ili zipige kwa pamoja. Mgonjwa wa Moshi anaweza kuwekewa betri ya moyo Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015.

Elmqvist alifariki mwaka 1996, na Senning mwaka 2000. Larsson, aliyekuwa akizimia kutwa, alikuwa bado hai baada ya wote wawili kufariki. Alifariki Desemba 2001, akiwa na miaka 86, kwa ugonjwa usiokuwa wa moyo. Alikuwa amebadilishiwa chombo mara nyingi, na cha mwisho kilikuwa cha 26.